Dawa isiyoingia chumbani: shajara ya mradi wa mbung'o

4 Februari

Mradi umeanza, maana yake nimekabidhiwa vizimba vitatu na ufunguo wa chumba cha kufugia. Kizimba K ni cha kawaida: damu tupu. Kizimba A watakula damu iliyotiwa ampisilini, dawa ya kuua bakteria, maikrogramu 50 kwa kila mililita. Kizimba T watapewa tetrasaiklini, nayo dawa ya bakteria, pamoja na dondoo la hamira ili wasidhoofike kabisa. Wote ni majike wa mbung'o aina ya Glossina morsitans walioibuka kwenye pupa jana na juzi. Madume wataingia siku ya nne.

Nauandika mpango huu nikijua kwamba si mgeni. Jaribio la ampisilini lilishafanywa na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Nalirudia kwa sababu nataka kujifunza mkono, na kwa sababu swali langu la baadaye limekaa juu yake: seli ya mbung'o inamfanyia nini bakteria anayeishi ndani yake? Upande wa bakteria unajulikana mno. Mbung'o hula damu tu, jike na dume, tangu aibuke hadi afe, na damu ina uhaba wa vitamini za kundi B. Bakteria Wigglesworthia humtengenezea. Ukisoma makala kumi, tisa zitakuambia "kiwanda cha vitamini" na kuishia hapo, kana kwamba kiwanda hakina jengo wala mlinzi wala mtu wa kuleta mali ghafi.

Mzee anayelea vizimba alinisikiliza nikimweleza, akatikisa kichwa.

"Shikamoo yako nimeipokea, lakini mwanangu, hawa unawapa dawa wanaumwa nini?"

Nikamwambia hawaumwi.

"Basi wataumwa."

9 Februari

Siku ya kulisha. Bamba la joto linawekwa nyuzi 37, damu ya ng'ombe inamwagwa kwenye trei, utando wa silikoni juu yake, kisha kizimba kinalazwa juu ya utando. Kwa sekunde chache hakuna kitu. Halafu mmoja anashuka, anachomeka mdomo, na tumbo lililokuwa bapa linaanza kujaa hadi linang'aa kama punje ya komamanga. Baada ya dakika kama kumi wanaanza kudondosha matone ya maji. Wanapunguza mzigo ili waweze kuruka. Mzee anasema mbung'o aliyeshiba ukimgusa anaanguka kama tunda, na ni kweli.

Kosa la leo: niliandika "A" kwenye trei kwa kalamu inayofutika kwa maji. Mzee aliliona kabla yangu. Kuanzia sasa kila trei ina utepe wa rangi.

13 Februari

Nimejifunza kupasua. Unamlaza chali katika tone la maji ya chumvi chini ya hadubini, unamshika kifuani kwa koleo moja, na kwa nyingine unaivuta ncha ya tumbo polepole. Utumbo unatoka mrefu kuliko unavyotarajia, kama uzi wa tambi uliopikwa. Tatizo ni kwamba ninachokitafuta kipo mbele, karibu na kifua, na mara nne za kwanza utumbo ulikatika kabla sijafika. Mara ya tano nilianza upande wa juu.

Kipo. Sehemu ya mbele ya utumbo wa kati imevimba na kujikunja mfano wa kwato, nyeupe, maziwa kabisa, wakati utumbo uliobaki unaona hadi ndani. Hicho ndicho kiungo kinachoitwa bakteriomu, na seli zake ni bakteriosaiti. Nilikata kipande, nikakifunika kwa kioo chembamba na kubonyeza kidogo kwa ncha ya penseli. Seli ni majitu. Seli za jirani zinaonekana kama watoto wao. Ilipopasuka mojawapo, vikamwagika vijiti vidogo virefu, chungu nzima, vikatawanyika kwenye maji ya chumvi.

Jambo moja nataka nisilisahau. Kwa vidukari vinavyofyonza utomvu wa mimea, kila bakteria Buchnera amefungiwa ndani ya utando wake mwenyewe, seli imemvika kama mto na foronya yake. Kwa mbung'o hakuna foronya. Wigglesworthia yumo moja kwa moja kwenye saitoplazimu, ute wa ndani ya seli. Ukuta pekee kati yake na ulimwengu ni utando wa seli yenyewe.

Jina lake limetokana na Vincent Wigglesworth, Mwingereza aliyekieleza kiungo hiki mwaka 1929 alipokuwa akichunguza namna mbung'o anavyosaga damu. Bakteria mwenyewe alipewa jina rasmi mwaka 1995. Miaka 66 akiwa na nyumba inayojulikana bila kuwa na jina.

26 Februari

Lava wa kwanza wamezaliwa, K wawili na A mmoja.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona: mbung'o hatagi mayai. Yai moja huanguliwa ndani ya mfuko wa uzazi, na lava hukaa humo akinyonya maziwa kutoka tezi maalumu mpaka anafikia uzito wa mama yake. Anapozaliwa hali tena. Anachimba udongo, ngozi inakuwa ngumu na nyeusi, na anakuwa pupa kwa muda wa mwezi hivi. Kwenye kizimba hakuna udongo, kwa hiyo anapenya kwenye matundu ya wavu na kudondoka trei ya chini, anajinyonganyonga pale kama mtu anayetafuta shuka gizani. Nilimtazama mmoja kutoka rangi ya krimu hadi kahawia. Mzee alinitazama mimi.

Maziwa hayo ndiyo kiini cha mradi, maana Wigglesworthia wako sehemu mbili. Kuna wa ndani ya seli, kwenye bakteriomu. Na kuna wa nje ya seli, wanaoelea ndani ya tezi ya maziwa, na hao ndio humfikia mtoto. Wa chumbani wanafanya kazi, wa kwenye maziwa wanasafiri. Hata jeni za mkia wa kuogelea bado wanazo, japo jenomu yao, yaani DNA yao yote, imepungua hadi herufi laki 7 hivi, ukilinganisha na milioni 4.6 za E. coli wa maabara. Bakteria aliyetupa karibu kila kitu akabakiza mkia, basi mkia ana kazi nao: unatengenezwa anapokuwa kwenye maziwa na ndani ya lava.

Ampisilini huua bakteria kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wao, lakini haipenyi vizuri ndani ya seli za wanyama. Tetrasaiklini hupenya. Kwa hiyo A inapaswa kuwaua wasafiri na kuwaacha wa chumbani. T inapaswa kuwamaliza wote.

6 Machi

Siku mbaya. Nilipasua tezi za maziwa za majike 6 wa kizimba A, nikachomoa DNA, nikapima kwa PCR, njia ya kunakili DNA mpaka ionekane kama mistari kwenye jeli. Mistari ya Wigglesworthia imetokea kwenye 4. Yaani dawa haijafanya chochote?

Nilikaa na picha ya jeli mpaka jioni. Nikalaumu dawa, nikalaumu praima, vile vipande vya DNA vya kuanzishia PCR, nikalaumu mashine.

7 Machi

Kosa ni langu. Tezi ya maziwa ni vijirija vinavyosambaa tumbo zima kama mizizi ya muhogo kwenye chungu kidogo, vinazunguka utumbo na kujifunga nao. Nilikuwa nikivivuta pamoja na vipande vya utumbo, na wakati wa kupasua kioevu cha bakteriomu kilishamwagika kwenye tone lile lile. Seli moja iliyopasuka ina bakteria wa kutosha kuharibu sampuli zote za siku.

Dada wa meza ya pili alinionyesha: ondoa utumbo wote kwanza mzima mzima, bila kuukata, hamisha tezi kwenye tone jipya, ioshe, ihamishe tena. Matone matatu. Nimerudia kwa majike wengine 6 wa A. Hakuna mstari hata mmoja. K wote wana mstari. Na bakteriomu za A, zile zile nilizoziondoa zikiwa nzima, zina mstari mnene.

Nimefurahi kuliko inavyostahili kwa picha ya jeli.

15 Machi

Kizimba T kimekufa karibu chote. Shehena moja ya damu kutoka machinjio ilikuwa imechafuka na haikugunduliwa kabla ya kulisha. K na A walilishwa shehena nyingine siku hiyo kwa bahati tu. Waliobaki T hawatoshi kwa lolote. Nimefunga kundi hilo. Sitaandika kwenye ripoti kwamba "tetrasaiklini iliua". Haikuua; waliuliwa na uzembe wa siku moja. Mradi utaendelea kwa miguu miwili.

Mzee hakusema "nilikwambia." Alikiosha kizimba akakitundika juani.

21 Machi

Wiki ya kusubiri pupa, kwa hiyo wiki ya kusoma. Na hapa nimebadilisha mawazo.

Nilikuwa naandaa sentensi ya ripoti: "seli ya mwenyeji humlinda bakteria dhidi ya dawa." Nimeifuta. Seli haina habari na ampisilini; utando wake ni ukuta tu, na ukuta unazuia anayepita yeyote. Ulinzi wenyewe uko kwingine, na hauelekei nje. Unaelekea ndani, kwa askari wa mbung'o mwenyewe.

Kinga ya mdudu hunusa bakteria kwa harufu ya ukuta wao, yaani vipande vya peptidoglikani. Ikivinusa, mwili unatengeneza peptidi za kuua bakteria. Wigglesworthia ana ukuta wa namna hiyo hiyo, na bakteria anayekua na kugawanyika hawezi kuacha kudondosha vipande. Kwa hesabu ya kawaida, mbung'o angepaswa kuishi akipigana na bakteria wake mwenyewe usiku na mchana. Kinachozuia ni protini iitwayo PGRP-LB, ambayo bakteriomu huitengeneza kwa wingi. Ni kimeng'enya: inavikatakata vile vipande mpaka havinusiki tena. Mwaka 2009 kundi la Serap Aksoy, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliizima jeni yake. King'ora kikalia, peptidi zikamwagika, na idadi ya Wigglesworthia ikashuka.

Kwa hiyo msaada wa kwanza wa seli kwa bakteria ni kuwanyamazisha walinzi. Hapa Kiswahili kinanisumbua kidogo. "Mwenyeji" ni neno zuri lakini linamtaka mgeni, na Wigglesworthia si mgeni. Uhusiano huu una umri wa mamilioni ya miaka, na bakteria hawezi kuishi nje hata akifukuzwa. Amepoteza hata dnaA, jeni ambayo bakteria wengi huitumia kuanzisha kunakili DNA yao. Ndiyo maana wapo wanaoshuku kwamba seli ya mbung'o ina mkono hata katika kuamua lini bakteria aongezeke.

Nilimsimulia mzee habari ya fukusi, kwa sababu kila mtu aliyewahi kufungua gunia la mahindi anamjua. Fukusi wa jamii ya Sitophilus naye ana bakteria wake ndani ya seli. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2011 kwamba seli hizo zinatoa sumu, koleoptirisini A, inayowazuia bakteria wasigawanyike. Wanabaki warefu ajabu, hawatoki nje. Ukiizima, wanatoroka na kuenea kwenye nyama nyingine. Yaani kulea na kufungia ni kazi ya mkono mmoja. Na fukusi mchanga akishakomaza gamba lake, kazi ambayo bakteria walimsaidia sana, anawayeyusha bakteria wa utumboni.

Mzee: "Mgeni siku ya tatu mpe jembe."

Mimi: "Ndiyo, na akimaliza kulima?"

Akacheka mpaka akakohoa.

30 Machi

Watoto wa A wameanza kuibuka. Kwa macho hawana tofauti na wa K. Nimewatenga kwa utepe wa njano: AW, watoto wa A. Wao hawalishwi dawa. Ni muhimu, kwa sababu chochote kitakachowapata kitakuwa kimetokana na kukosa bakteria na si dawa.

Idadi ya pupa za mama zao, kwa njia, inaenda sambamba na ya K. Mama wanakula ampisilini kila mlo na wanazaa kama kawaida, kwa kuwa wa chumbani wapo kazini.

10 Aprili

Nimepasua AW 5, saa 48 baada ya kula.

Uvimbe mweupe haupo. Nimetafuta pale pale ninapopajua sasa kwa kufumba macho. Nikibonyeza, hakuna vijiti. PCR imekubali: Wigglesworthia hakuna, ila Sodalis, yule bakteria mwenza wa pili, yupo. Si kwamba nimewasafisha wote, nimemwondoa mmoja.

Lililonishtua ni damu. K baada ya saa 48 utumbo umebaki na masalia meusi. AW watatu kati ya hawa watano bado walikuwa na bonge jekundu ndani. Mlo wa juzi umekaa pale pale. Matumbo yao yalikuwa yamevimba ukiwatazama kizimbani, nami nilidhani wameshiba vizuri.

17 Aprili

Jaribio la jeraha. Sindano nyembamba kuliko unywele, unachoma ubavuni, unasubiri dakika 30.

K: tone dogo la majimaji linatokea, linazibika, na mahali hapo panakuwa doa jeusi kama ncha ya kalamu.

AW: tone linatokea. Linakua. Linatiririka kwenye ngozi. Hakuna doa. Baada ya nusu saa bado linavuja, na wawili wamekufa kabla ya jioni.

Nilikuwa nimesoma kwamba ndivyo itakavyokuwa. Lilichapishwa mwaka 2011: mbung'o aliyekua tumboni mwa mama bila Wigglesworthia anatoka na seli chache mno za damu na hawezi kuziba jeraha. Lakini kusoma ni kimoja na kulitazama tone lisilozibika ni kingine. Kumbe mkataba hauko kwenye vitamini peke yake. Seli inawanyamazisha walinzi kwa ajili ya bakteria, na walinzi wenyewe hawafundishwi kazi bila bakteria kuwapo. Nimeandika sentensi hii mara tatu kwenye daftari, na bado naiona kama kitendawili.

24 Aprili

Siku ya vitamini, kwa ufupi, kwa sababu kiongozi wangu ameuliza kwa nini nimeiruka. Mbung'o haruki kwa sukari kama nzi wengine. Huchoma prolini, asidi ya amino, na ili aitengeneze upya anahitaji kimeng'enya kinachotegemea vitamini B6. Wigglesworthia hutengeneza B6. Jike anayenyonyesha anaitegemea prolini hiyo hiyo. Kuna pia B1 na B9. Na seli za bakteriomu zimejaa protini za kusafirisha vitamini, kwa hiyo mzigo hautoki wenyewe tu, unabebwa. Hapo ndipo nitakapoanzia mradi unaofuata: nani anabeba nini kwenda upande wa bakteria. Vitamini zinatoka, lazima kitu kinaingia.

9 Mei

Majike AW walipandishwa mwanzoni mwa Aprili. Kwa ratiba ya K, lava wa kwanza walipaswa kuonekana siku ya 23 au 24 ya maisha yao. Leo wana siku 40. Trei yao haina kitu. Nimepasua 4: mbegu za dume zimo kwenye vifuko vyake, kwa hiyo walipandwa, ovari ndogo, na hakuna lava kwenye mfuko wa uzazi.

Mzee ameanza kuipanga trei hiyo chini kabisa, kwa kuwa hana tena haja ya kuinama kuikagua kila siku.

16 Mei

Jeni ya PGRP-LB itazimwa mwezi ujao, vifaa vimeagizwa. Vizimba vya sasa vinafungwa. Mzee aliuliza kama anaweza kuwatoa mama wa kizimba A. Wamebaki 3, wana siku 100 na ushei, mabawa yamechanika ncha kama mkeka wa zamani.

Nimemwomba mmoja. Zaidi ya miezi mitatu amekula ampisilini kila mlo. Nimemlaza kwenye tone, nikaanza upande wa juu, nikavuta taratibu. Uvimbe mweupe umetoka mzima. Nimeuchora kwenye daftari pembeni ya ule wa 13 Februari, kwa kipimo kile kile.